Koko Nyota Anadai Meli Yake

Mangobo, Kisangani, 6 Februari 2000

Kwa mke wangu wa kwanza, Koko Nyota, Ubundu,

Salaam aleikum, mke wangu. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Tantine Madina anakohoa kidogo, lakini mdomo wake haujaugua, bado anagombana na nusu ya soko. Paa la jikoni linavuja palepale. Tangu vita ilipofunga mto kule chini, meli za Kinshasa hazipandi tena, na chumvi tunaionja kama dawa. Mimi ndiye sina shida. Magari yamelala, petroli haipo, kila mtu wa mji wetu huu wa Boyoma amekuwa mtu wa baiskeli, na kila baiskeli ya toleka, hizi za kubeba abiria, ikivunjika inaletwa kwangu pale kona ya soko. Mikono yangu ni myeusi kwa grisi hata siku ya Ijumaa.

Sasa kaa chini, Koko. Umekaa? Nataka kuoa.

Ndiyo, nimesema. Nilikwenda kwa tonton Amani, mkubwa wa ukoo, ili aongoze wazee wapeleke maneno kwa baba wa msichana. Alinitazama tu, akasema, "Asumani, bila neno ya Koko miye sitembee. Weye uko bwana yake. Akuachie kwanza." Nikamwambia huo ni mchezo wa bibi na mjukuu. Akasema, "Bon, kama iko muchezo, uende ucheze naye."

Kwa hiyo nakuomba, mke wangu mpenzi, uniachie. Baba wa msichana amenipa mpaka mwisho wa mwaka, kwa sababu kuna mchumba mwingine, mfanyabiashara, anayebisha hodi, na huyo ana duka. Jina la msichana nitakuambia barua nyingine. Hii nampa Merdi, yule anayesukuma mizigo kwa baiskeli kando ya reli.

Ni mimi bwana wako,
Asumani


Ubundu, 27 Februari 2000

Kwa bwana yangu Asumani, mwanaume asiye na haya,

Waaleikum salaam. Barua imefika, na Merdi amekula samaki wangu wote. Huku treni haijapiga honi siku nyingi, mbuzi wanalala juu ya reli kama kwao. Wangu amezaa mapacha. Mvua inatosha. Anayekuandikia ni Florentine, mwalimu jirani yangu, kwa sababu mkono wangu umechoka.

Nimesikia maneno yako. Nimelia mpaka majirani wakauliza nani amekufa. Nilikubeba mgongoni, nikakutafunia samaki nikitoa miiba, nikakuita bwana mbele ya watu wote, na leo unaniletea mke mwenza? Wala jina hana! Mwanamke asiye na jina ni wa namna gani?

Lakini mimi si mkatili. Nitakuachia, na bei yangu ni hii. Chini ya kitanda cha Madina kuna sanduku la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya katani. Ni la marehemu babu yako, Koko Saidi. Alipoacha kazi ya kuongoza meli za hapa Ubundu mpaka Kindu, kapiteni wake alimpa hilo sanduku kwa kuagana. Ndani kuna vipande vya meli ndogo ya mbao, ya kujenga mwenyewe, meli ile inayokwenda kwa upepo. Koko Saidi aliniambia, "Nyota, nitaijenga pole pole, tutaifunga uzi, tutaitia majini, na uzi utaushika wewe." Homa ikamchukua kabla hajafungua kamba.

Ijenge, bwana yangu. Uniletee. Siku nitakapoishika mkononi, siku hiyo utakuwa huru.

Mke wako aliyeonewa,
Koko Nyota


Mangobo, 2 Aprili 2000

Kwa Koko Nyota, mke wangu mkali,

Salamu nyingi. Tantine Madina amepona, sasa anagombana na nusu ya pili ya soko. Mapacha wa mbuzi tumewafurahia, usiwauze kabla sijawaona. Na mkono wako umechoka na nini? Mkono ule unaosonga fufu ya watu kumi?

Koko, nimefungua sanduku! Nilidhani nitaona vijiti vya kuwashia moto. Sivyo! Kuna mbavu za meli zimekatwa tayari, kila moja na namba yake, mbao nyembamba kama ukucha, nguzo tatu za mviringo, nyuzi za unene mbalimbali, vipande vitatu vya kitambaa cheupe, na mfuko wa misumari midogo iliyoshikana kwa kutu. Mchwa walitangulia kusoma. Kitabu cha maelezo wamekila chote, na picha ya juu ya sanduku wameila nusu, imebaki tumbo la meli na maji tu. Ilikuwa lazima tujue wenyewe kipi kinakaa wapi.

Nikajifungia nikisema kazi hii ni kama kutengeneza baiskeli, kila kitu kina pahali pake kinapopapenda. Mbavu zilikaa kwenye uti wa mgongo wa meli bila matata. Mbao za pembeni ndizo zilizonitoa jasho. Ya kwanza nikaipinda, pa! ikavunjika. Ya pili, pa! Tantine akapiga kelele toka jikoni, "Weye! Mbao kavu haijue kuinama, ata mutu muzee iko vile vile! Ipe moshi ya maji!" Basi tukazishika juu ya mvuke wa sufuria ya majani ya pondu, zikalainika, zikainama kama zinasujudu. Meli yako inanuka pondu, sitaficha. Gundi ilikuwa imekuwa jiwe, nikatumia utomvu ule wavuvi Wagenia wanaozibia mitumbwi. Badala ya misumari nimekata spoku za baiskeli. Na kuzibana mbao zisifunguke nimezifunga kwa mpira wa chambre à air, ule wa ndani ya tairi, tukacheka, ikawa kama mgonjwa aliyefungwa bandeji mwili mzima. Zile zilizovunjika nimezikata upya kutoka sanduku la sabuni.

Naamka nikiiwaza. Wateja wananiambia, "Asumani, baiskeli yangu!" nami nawaambia, "Ngoja, meli inakauka."

Bwana wako fundi,
Asumani


Ubundu, 23 Aprili 2000

Kwa bwana yangu fundi wa sufuria,

Salamu. Mapacha wa mbuzi ni wazima, mmoja anakula nguo. Mto umejaa mpaka miti ya ukingoni imeloweka miguu.

Barua yako Florentine ameisoma mara mbili, ya pili ni kwa sababu nilimwomba. Lakini unaniandikia "zikalainika, zikainama", sasa meli yenyewe ikoje? Niambie ni vidole vingapi toka mbele mpaka nyuma. Tumbo lake ni la mviringo kama kibuyu au kali kama mtumbwi? Ukipitisha kiganja unasikia maungio au ni laini? Pua yake inachoma? Usiniambie rangi, rangi hainisaidii kitu. Niambie mkono unakuta nini.

Na jambo la pili. Umeandika "tukazishika", umeandika "tukacheka". Madina namjua, nilimzaa, hacheki na mbao. Ni nani huyo anayecheka nyumbani kwangu?

Mkono bado unapumzika. Usiulize ulize.

Koko Nyota


Mangobo, 21 Mei 2000

Kwa mke wangu Koko Nyota,

Salamu, salamu, salamu! Sina habari ya jamaa, sina habari ya paa, nina habari moja. MELI IMEKWISHA!

Urefu wake ni toka ncha ya kidole changu mpaka kiwiko, halafu kiganja kimoja zaidi. Tumbo ni la mviringo kama kibuyu, linabana kuelekea chini. Ukipitisha mkono unasikia mistari ya mbao, lakini haikwaruzi, nimeisugua kwa jani lile gumu wanalosugulia mikuki, halafu kwa kioo kilichovunjika. Pua inachoma, nina alama. Nyuma kuna chumba kidogo chenye madirisha ambayo hata mende hapiti. Nguzo tatu zimesimama juu.

Na lile turubai, Koko, utalipenda! Vile vipande vitatu vya kitambaa tumeviunga vikawa kimoja, tumekilaza juu ya nguzo na kukifunga pande zote kwa zile nyuzi, vizuri kabisa, mvua isilowanishe mizigo. Mshono umekunjwa mara mbili, hauonekani. Meli ya Kindu yenyewe haijawahi kufunikwa vizuri hivyo. Watu wa soko wanakuja kuitazama, nusu wananipa pole ya kukosa usingizi na nusu wanauliza bei. Siuzi! Hii ni bei ya uhuru wangu.

Anayecheka hapa ni rafiki. Rafiki wa kusaidia.

Niambie tu lini nije.

Bwana wako karibu huru,
Asumani


Ubundu, 30 Mei 2000

Kwa Asumani,

Ngoja nimalize kucheka. Florentine anasema tuanze barua, ninamwambia ngoja.

Turubai! Umeifunika meli ya upepo kwa turubai! Bwana yangu, umekulia kando ya mto ambako kila chombo kinasukumwa kwa mti au kwa moteri, umeona kitambaa, ukasema hiki ni cha kufunika chumvi na mihogo. Koko Saidi angefufuka kwa aibu, kisha angekufa tena kwa kicheko. Yeye alizaliwa Kalemie, kwenye ziwa, aliviona vyombo vya kule, alinieleza mpaka nikachoka. Kitambaa hakilali, kinasimama! Kila nguzo inabeba chake. Kijiti kinakaa juu, kitambaa kinaning'inia chini yake na kufungwa pembe kwa nyuzi, upepo ukija kinafura kifua, chombo kinakwenda. Linaitwa tanga. Ukiiweka majini hivyo ulivyoifunga haitakwenda popote, itakaa kama bata mgonjwa. Na mimi nataka iende. Nataka iuvute uzi.

Fungua yote. Anza upya. Sipokei meli yenye turubai.

Halafu, huo mshono uliokunjwa mara mbili. Wewe hujawahi kushona hata kifungo. Nani ameshona?

Koko Nyota


Mangobo, Jumapili 4 Juni 2000

Kwa Koko Nyota,

Salamu. Tantine Madina amekuwa akinicheka tangu alipoisikia barua yako. Jirani naye. Merdi aliyeileta pia, na yeye ndiye aliyeisifu meli kuliko wote.

Lakini Koko, kosa si langu peke yangu! Mimi nilisimama na vile vitambaa nikasema labda ni bendera. Ni Kasoki aliyesema, "Bendera? Masua yote iko na bâche ya kufunika mizigo, hii yake iko hii!" na akachukua sindano, na mwanamke akichukua sindano nani atambishia?

Basi. Jina limetoka. Nimeliangalia hapa kwenye karatasi, ningeweza kulifuta, lakini nimechoka kulificha, na kusema kweli nimefurahi kuliandika. Anaitwa Kasoki. Ni binti wa Papa Isaïe, yule mwenye duka la misumari, rangi na maharagi karibu na soko, watu wa Butembo. Ndiyo, Mnande. Ndiyo, Mkatoliki, anaimba kwenye kwaya na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nilikuwa nimempenda tayari, halafu siku moja nikiwa najenga alikuja kutengenezewa mnyororo wa baiskeli, akaona mbavu za meli mezani, akasahau mnyororo. Anacheka na mbao, Koko. Anaongea nazo.

Leo ametoka misa amekuja moja kwa moja, amefumua mshono wake wote bila kununa, na sasa ameipeleka meli kwao ili ashone matanga yanayosimama, kama ulivyosema.

Merdi anavuka mto kesho asubuhi. Niandikie upesi. Niandikie hata ukiwa na hasira.

Asumani


Ubundu, 16 Juni 2000

Mjukuu wangu,

Merdi amefika. Anasema aliuacha mji nyuma yake, hajaenda mbali upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, akasikia mabomu yanaanza. Anasema majeshi yale mawili ya wageni yaliyoingia mjini pamoja yamegeukiana, na yanapigania mji wetu kana kwamba hauna wenyewe. Watu wanaopita kwenye reli wanasema Mangobo imepigwa. Kila mmoja ana habari yake na hakuna aliyekuona.

Acha meli. Acha kuoa. Sikudai chochote. Niandikie neno moja tu, "niko", unitumie kwa mtu wa kwanza atakayepita.

Sijala vizuri tangu niliposikia. Florentine analala kwangu.

Nyanya yako,
Nyota


Mangobo, 25 Juni 2000

Koko wangu, mke wangu,

NIKO.

Niko, Tantine Madina yuko, tonton Amani yuko, mguu wake umechomwa na vyuma lakini anatembea. Nyumba yetu imebaki bila paa, kwa hiyo suala la kuvuja limekwisha. Lakini wengi hawapo. Tumezika majirani kwenye nyua zao kwa sababu makaburini hapakufikika. Sitakuandikia majina, utalia yote ukifika. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni, Koko, na bado.

Sasa sikiliza. Tangu risasi za kwanza, Papa Isaïe alifungua stoo yake ya matofali, akatuita wote, majirani na wapita njia, Waislamu na Wakristo, tukalala kati ya mifuko ya maharagi. Hakuuliza mtu jina lake. Yeye na mkewe na Kasoki walibaki kwanza nyumbani, upande wa pili wa ua. Bomu likaangukia kwao, moto ukashika. Tukawaona wanatoka mbio. Mama yake alikuwa amemfungia Kasoki valizi tayari, nguo zake, picha, na diploma yake ya serikali, ile aliyoisomea miaka yote. Kasoki akatoka bila valizi. Koko, alikuwa ameshika meli yako! Ameikumbatia kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa juu yake, anakimbia kwenye ua na vyuma vinapita.

Mama yake akapiga kelele, "Kasoki! Valizi iko wapi?"

Akajibu anahema, "Mama, niko na mikono mbili tu, na masua inaomba yote mbili!"

Watu wakacheka, katikati ya moto wakacheka. Papa Isaïe akashika kichwa. Nyumba iliungua na valizi ndani. Meli ilivunjika nguzo moja, basi. Nguzo mpya nimeitoa kwenye mwanzi na spoku ndani yake, haitavunjika tena. Matanga mawili yameshonwa, limebaki moja.

Mimi huyu ndiye nataka kumwoa. Nilijua kabla, sasa najua zaidi.

Asumani


Ubundu, 20 Agosti 2000

Bwana yangu Asumani,

Alhamdulillah. "Niko" yako ilisomwa mpaka karatasi ikachanika mkunjo. Nimekula. Pacha mmoja wa mbuzi ni mzima, mwingine nilimchinja kwa sadaka ulipopatikana, mtagombana nami baadaye.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Aliacha diploma akachukua meli ya mtu asiyemjua. Sijui nimwite mjinga au nimwiteje. Papa Isaïe nimemwombea kwenye kila swala.

Lakini sitakudanganya. Baba yako hayupo, nami ndiye niliyebaki kukusemea. Mimi ni binti wa Waislamu, Koko Saidi alikuwa na sauti ya adhana, na nilipokuwa nakubeba mgongoni sikuota harusi ya kengele. Watu wa Butembo ni watu wa kazi, sikatai, ila kwao ni mbali na desturi zao sizijui. Watoto watakuwa nani? Jambo hili linaniuma, na lazima nilitoe nje.

Lete meli. Njoo peke yako, tuongee bwana na mke wake. Yeye abaki.

Koko Nyota

Mimi Florentine naongeza kwa ruhusa yangu mwenyewe. Nimeandika kila neno kama alivyolisema. Ila msomaji ajue kwamba mwandishi ni Mkatoliki, na fufu ya leo mchana ni mimi niliyeisonga.


Mangobo, 10 Septemba 2000

Kwa mke wangu Koko Nyota,

Salamu kwako na kwa Mwalimu Florentine, ambaye sasa nampenda bila kumwona. Tumeezeka nusu ya nyumba. Tonton Amani ametupa fimbo yake. Mfanyabiashara yule amerudi kwa Papa Isaïe na sukari, na mwisho wa mwaka unakuja mbio.

Koko, sijawahi kukukatalia kitu. Leo nakukatalia. Siji peke yangu.

Sisemi hivyo kwa ukaidi. Meli hii mbao ni zangu, lakini matanga yamesimama kwa sababu yake, na ingekuwa majivu kama si yeye. Nikikuletea nusu ya kazi nikaificha nusu nyingine, nitakuwa nimekupa meli yenye turubai tena. Ukimkataa, mkatae akiwa mbele yako umemshika mkono. Nitasikia. Nitaumia sana, lakini nitasikia, kwa sababu bila neno lako sitaoa.

Tumepanga hivi. Papa Isaïe amekubali kwa sharti Tantine Madina awepo, na Tantine amekubali kwa sharti akae juu ya baiskeli ya Merdi na asisukume chochote. Tutavuka mto kwa mtumbwi, tutafuata reli. Meli za zamani nazo zilipitishwa nchi kavu kwa sababu ya maporomoko, kwa hiyo yako inafuata njia ya wakubwa. Nimeitengenezea kiti chake nyuma ya baiskeli, juu ya pamba. Kasoki anasema atatembea kando yake mwendo wote akiishika, hata nikimwambia haianguki.

Anasema pia kitu kimoja nisichokielewa. Alizisoma barua zako zote siku ile ya kufumua mshono, kisha akaniuliza, "Asumani, koko yako anaulizaka kila kitu na vidole, juu ya nini?" Nikamwambia wewe ni mtu wa mikono. Akarudi kwenye sindano yake.

Tunakuja!

Asumani


Ubundu, 22 Oktoba 2000

Kwa mke mwenzangu Kasoki, mwizi wa mabwana,

Salamu kwako, kwa Papa Isaïe na kwa mama yako. Tangu mlipoondoka nyumba imekuwa kubwa mno. Madina alisahau kitambaa chake cha kichwa na mbuzi amekila, mwambie pole pole. Barua hii si ya Asumani. Asiisome kabla yako.

Bwana yangu alisimama mlangoni ameinua meli juu akipiga kelele, "Tazama, Koko! Tazama!" na mimi nikasema naona, naona, nzuri sana, uso wangu umeelekea kwenye dirisha. Wewe ulimnyang'anya meli, ukaja, ukachukua mikono yangu miwili ukaiweka juu yake. Macho yangu yalizimika taratibu tangu mwaka juzi, nikalificha jambo hili kwa watoto wangu wote wasije wakanibeba kunitoa Ubundu. Florentine tu ndiye aliyejua. Na wewe, ambaye nilisema ubaki nyumbani, ulilisoma kwenye barua zangu za kudai meli.

Niliposhika pua ya meli ikanichoma kidole, nililia, mliona. Nililia kwa sababu ilikuwa kama Koko Saidi alivyonieleza. Kisha mkanishika mkono mpaka mtoni, mkaifunga uzi, mkaitia majini. Nilingoja. Kwanza hakuna kitu. Nikasema moyoni, haya, bata mgonjwa. Halafu upepo ukaja, na uzi ukanivuta! Ulinivuta mkono mzima, kama mtu anayeniambia twende. Nilipiga kigelegele cha msichana, katika umri huu, mbele ya wavuvi. Mpaka leo nikikaa bado nausikia hapa kiganjani.

Sasa maneno mazito. Niliisema vibaya dini yako kwa mkono wa Mkatoliki, kwa macho ya Mkatoliki, na tumbo limejaa fufu ya Mkatoliki. Florentine aliandika yote bila kuruka neno, kisha akanipepea nilale. Sitakudanganya kwamba haliniumi tena. Linaniuma bado kidogo. Wewe utasali kwako, yeye ataswali kwake, na watoto tutawagombania wakizaliwa, nina nguvu za kutosha. Tonton Amani nimemtumia neno kwa Merdi huyuhuyu. Aende kwa Papa Isaïe wiki hii na wazee wote, mguu mbovu na mguu mzima. Yule mwenye sukari ailambe mwenyewe.

Florentine ni shahidi wangu, anacheka mpaka anaharibu karatasi. Mwambie Asumani nimemwacha, kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi na mbuzi.

Meli nimeipokea. Bwana mchukue.

Koko Nyota